Mradi wa mwanafunzi: nyuma ya juri unaenda wapi?

Kila mwaka hapa Lubumbashi, wanafunzi wa mwisho wanavaa vizuri, wanabeba mashini yao ndogo ao mchoro wao, wanaenda kusimama mbele ya juri. Mmoja analeta mbabula ya kupunguza makala. Mwingine analeta chujio cha maji. Mwingine taa ya jua kwa wakati wa delestaji, mwingine njia ya kugeuza sachet za plastiki kuwa matofali. Juri inauliza maswali, inatoa pointi, familia inapiga makofi na kupiga picha. Kisha kitabu kinawekwa ku biblioteke, mashini inabaki ku kona ya ateliye, na kijana anaanza kutafuta kazi.

Lakini ile shida aliyokuja kutatua ingali pale pale. Mama wa Katuba anaamka kesho yake na kununua makala kama jana. Kanivo ya Kenya inajaa sachet kama mwaka uliopita. Basi tuulize: kwa nini miradi mingi inakufa ku mlango wa chuo? Na ile michache iliyofika ndani ya nyumba za watu, ilipita njia gani?

Ili tusipotee, tutachukua mfano mmoja mkubwa, ni mbabula, sababu kila nyumba inaujua. Kisha tutaangalia mifano mingine ya jirani zetu, na mmoja wa hapa kwetu.

Mradi wa namna hii ni nini?

Kwa desturi yetu ya Congo, mwanafunzi hamalizi masomo bila kuandika kazi ya mwisho. Zamani ilikuwa TFC kwa kumaliza graduat, na memwari kwa kumaliza lisansi. Sasa mfumo wa LMD umebadilisha majina na miaka, lakini kazi ya mwisho ingali iko. Ku Chuo Kikuu cha Lubumbashi, UNILU, ambacho kilianza mwaka 1956, kazi hizo zinatoka ku fakilte zote: politekniki, agronomia, dawa, sheria na nyingine. Mu mji kuna pia shule ya informatiki ya Salama, ESIS, na shule za tekniki za sekondari kama Institut Salama, fasi vijana wanajifunza umeme, mekaniki na kazi ya mikono.

Kazi nyingi ni za kusoma na kuandika. Lakini kuna zile ambazo mwanafunzi anatengeneza kitu: chombo, mashini, programu ya telefone, mpango wa nyumba. Hizo njo tunazungumzia leo. Kwa Kifaransa na Kiingereza wanaita kazi hiyo design, na watu wengi wanafikiri ni kupamba kitu ili kipendeze. Sivyo. Kubuni ni kuangalia shida, kuuliza wenye shida, kuchora, kutengeneza, kujaribu, kuvunja, kisha kutengeneza tena mpaka kitu kitumike vizuri.

Sisi watu wa radio tunapenda mfano huu. Mu miaka ya 1960, mwalimu mmoja huko Marekani, Victor Papanek, alibuni pamoja na mwanafunzi wake radio ya bei ndogo sana, kwa watu wasio na umeme wala betri. Walichukua kopo la zamani, wakatia ndani mafuta ya kuganda kama ya mshumaa na utambi. Moto ule ulitoa joto, na joto likatoa umeme kidogo, wa kutosha kusikiliza stesheni moja. Bei ya kuitengeneza ilikuwa senti 9 za dola. Kuna walimu wa ufundi waliosema ni kitu kibaya kuangalia, kopo tupu bila rangi. Papanek aliacha vile kwa makusudi. Radio ilipofika Indonesia, watu wenyewe waliipamba kwa vitambaa, karatasi na vipande vya kioo, kila mutu kwa namna yake. Habari hiyo iko katika kitabu chake maarufu, Design for the Real World, kilichotoka kwa Kiingereza mwaka 1971. Tangu wakati ule walimu wengi duniani wamewaambia wanafunzi wao: anza na shida ya watu walio wengi, usianze na kitu unachotaka kuonyesha.

Shida ziko mbele ya macho

Mwanafunzi wa Lubumbashi hahitaji kutafuta sujeti mbali. Atoke tu ku mlango.

Kwanza, makala. Mji wetu unapika na makala, na makala inatoka mu pori la miombo linalozunguka mji. Watafiti wa UNILU pamoja na wenzao wa Ubelgiji wamepima kwa picha za satelite eneo linalolisha Lubumbashi makala. Mwaka 1990 pori lilifunika karibu 78% ya eneo hilo. Mwaka 2022 lilibaki karibu 40%. Makala peke yake haikufanya yote. Kuna mashamba, kuna migodi, kuna matofali ya kuchoma. Lakini makala iko ndani sana. Tena, namna ya kuchoma miti chini ya udongo inapoteza: kilo 10 za mti zinatoa kilo 1 ao 2 tu za makala. Kwa hiyo, kila kilo unayookoa ku jiko ni miti ya kilo nyingi iliyobaki imesimama.

Pili, sachet na chupa. Serikali ilitia sahihi dekreti tarehe 30 Desemba 2017 ya kukataza kutengeneza, kuingiza na kuuza sachet za plastiki zisizooza. Kila mutu anayetembea mu mji anaona kama sachet haijaisha. Mvua ikianza, kanivo zinafungwa, maji yanaingia mu viwanja.

Tatu, vumbi na udongo wa shaba. Fabriki ya kuyeyusha shaba ya Lubumbashi ilianza kutumika mwaka 1911. Miaka mingi moshi wake ulisukumwa na upepo kuelekea upande wa kaskazini-magharibi, na udongo wa huko ukajaa metali. Mwaka 2009, watafiti wa Shule ya Afya ya Umma ya UNILU na wa Chuo Kikuu cha Leuven walichapisha vipimo vya mkojo vya watu wanaokaa karibu na migodi na fabriki za Katanga. Kobalti waliyokuta ilikuwa kati ya kiasi kikubwa zaidi kilichowahi kupimwa kwa watu wa kawaida, siyo wafanyakazi wa migodi.

Ongeza hapo maji ya kisima, delestaji, usafiri. Shida ni nyingi, na kila moja inaweza kuwa mradi.

Mbabula: kwa nini inakula makala?

Mbabula yetu ya kawaida inatengenezwa na fundi wa mabati kwa toli ya mapipa ya zamani. Bei yake ni nafuu, inabebeka, na kila soko linaiuza. Kasoro yake ni moja kubwa: chuma chembamba kinapitisha joto haraka. Weka mkono pembeni ya mbabula inayowaka. Joto lote unalosikia pale umelinunua, lakini haliingii mu sufuria.

Dawa yake inajulikana: kutia ndani ya chuma ukuta wa udongo uliochomwa, sawa chungu. Udongo unashika joto, unalirudisha ku makala na ku sufuria. Chini unaweka mlango mdogo wa kupunguza ao kuongeza hewa. Hewa ikiwa nyingi makala inaisha haraka. Ikiwa ya kiasi, moto unadumu. Na sisi udongo hatuukosi: vichuguu vikubwa vinavyozunguka Lubumbashi njo vinatupatia matofali tangu zamani. Kama udongo ule unafaa kwa mbabula, ao unahitaji kuchanganywa na kitu kingine ili usipasuke, hiyo peke yake ni kazi nzuri ya mwaka mzima kwa mwanafunzi.

Faida yake tunaweza kuihesabu bila kalkulatrise. Tuseme nyumba fulani inamaliza mufuko mmoja wa makala kwa siku 30. Mbabula ikipunguza theluthi moja, mufuko ule ule utaenda siku 45. Kwa mwaka, nyumba hiyo itanunua mifuko 8 mahali pa 12. Mifuko 4 inayobaki ni minerval ya mtoto, ao ni dawa.

Ahadi ya namna hiyo inapimwaje? Mwanafunzi anapima uzito wa makala mbele ya kuwasha. Anachemsha maji ya kiasi kinachojulikana ndani ya sufuria ile ile, anaandika dakika, kisha anazima na kupima makala iliyobaki. Anafanya vile mara tatu ao zaidi kwa mbabula ya zamani, mara tatu ao zaidi kwa mbabula mpya. Sufuria ikibadilika ao upepo ukiwa tofauti, kipimo hakina maana.

Kisha kuna kipimo cha pili, na wengi wanakiruka: kupika chakula cha kweli mu nyumba ya kweli. Maji hayasukumwi, lakini bukari inasongwa kwa nguvu. Mbabula nyepesi yenye miguu myembamba itaanguka pamoja na sufuria, na mtoto yuko karibu. Maharagwe yanataka moto mdogo wa saa nyingi. Samaki wa kukaanga wanataka moto mkali. Mbabula iliyoshinda mbele ya juri kwa maji ya kuchemsha inaweza kushindwa jioni ya kwanza mu kiwanja.

Neno moja la usalama kwa wote: mbabula ya kupunguza makala bado inatoa gesi ya monoksidi ya kaboni. Haina harufu, haionekani, na inaua. Usiiweke ndani ya chumba kilichofungwa usiku, hata kama ni ya kisasa namna gani, hata kama ni baridi ya mwezi wa sita na wa saba.

Namna Nairobi walifanikiwa

Mbabula ya udongo na chuma iliyoenea zaidi katika Afrika Mashariki ni ile ya Kenya, watu wanaiita jiko la Kenya. Ilianza mwanzo wa miaka ya 1980, wakati bei ya mafuta ilikuwa imepanda duniani na Nairobi ilipokea mkutano wa Umoja wa Mataifa juu ya nishati mpya, mwaka 1981. Wajuzi walienda kuangalia jiko la ndoo la Thailand, wakarudi na wazo. Sura ya kwanza haikuwa nzuri: udongo ulikuwa unapasuka. Wanawake waliojaribu ku nyumba zao walisema wazi kile kisichowafaa. Wabunifu walisikiliza, wakabadilisha umbo: jiko likawa jembamba katikati na pana juu na chini, udongo ukawekwa nusu ya juu tu, fasi moto unakaa, na ukashikwa na sima iliyochanganywa na jiwe jepesi linaloitwa vemikuliti. Umbo lile la pana chini lilisaidia pia jiko lisimame imara wakati wa kusonga chakula.

Jambo la pili walilofanya vizuri ni kuacha kazi kwa mafundi. Hawakujenga fabriki kubwa. Walifundisha mafundi wa jua kali, wale wanaopiga mabati mu masoko kama Shauri Moyo huko Nairobi, na wafinyanzi wakachoma udongo. Fundi alipata faida yake, kwa hiyo aliendelea hata pesa za wafadhili zilipokwisha. Jiko likavunjika, mutu aliyeliuza yuko pale pale mu soko, anabadilisha udongo. Katikati ya miaka ya 1990 zilihesabiwa zaidi ya 700.000 katika Kenya. Nchi nyingine za jirani zilichukua wazo na kulitengeneza kwa namna zao.

Sisi Wakongomani pia tuna mfano, lakini ku upande wa miti. Kule Kivu Kaskazini, tangu mwaka 2007, mradi wa EcoMakala wa shirika la WWF umesaidia wakulima kupanda miti ya kukata kwa makala, ili Pori la Virunga lipumzike. Hapo tunajifunza kama jiko zuri peke yake halitoshi: inafaa pia mtu afikirie mti unatoka wapi.

Wanafunzi wengine walifanya nini?

Huko Kampala, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Makerere wamejulikana kwa vitu vitatu. Cha kwanza ni gari la umeme, Kiira EV, lililoendeshwa mbele ya watu mwezi wa Novemba 2011. Wengi walicheka: gari la watu wawili litasaidia nani? Lakini kazi haikuishia ku maonyesho. Serikali ya Uganda ilianzisha kampuni, Kiira Motors, na mwaka 2016 walitoa basi lenye paneli za jua, Kayoola. Mahali pa kuanza upya kila mwaka, kundi jipya lilichukua fasi kundi la zamani liliacha.

Cha pili ni Matibabu, chombo cha kupima malaria kwa mwanga ku kidole, bila kutoa damu. Brian Gitta alikuwa mwanafunzi wa informatiki, na yeye mwenyewe alikuwa ameumwa malaria na kuchomwa sindano mara nyingi za kupima. Mwaka 2018 alipata Tuzo ya Afrika ya Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza, Mganda wa kwanza kuipata. Cha tatu ni Mamaope, koti la kusaidia kutambua nimonia kwa watoto. Wazo lilitoka kwa Olivia Koburongo, ambaye nyanya yake aliugua na kupelekwa hospitali kwa hospitali bila kujulikana ugonjwa. Alishirikiana na Brian Turyabagye. Hapa kuna somo la uvumilivu: chombo cha kupima ugonjwa hakiwezi kutoka ku chuo na kuingia ku hospitali mara moja. Inafaa kijaribiwe kwa wagonjwa wengi, kilinganishwe na kipimo cha laboratware, na wakubwa wa afya wakubali. Tuzo ni msaada, haichukui fasi ya majaribio.

Arusha, Tanzania, Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela alibuni chujio cha maji kinachounganisha mchanga na vitu vidogo sana vya nano, na alipata tuzo ile ile ilipotolewa kwa mara ya kwanza, mwaka 2015. Akili ya kazi yake ni kwamba maji ya kila fasi yana ubaya wake: hapa floridi, pale vijidudu, pengine metali. Kwa hiyo chujio kinatengenezwa kufuatana na maji ya pale. Mwanafunzi wa Lubumbashi anayetaka kuchukua wazo hilo ajue mbele ya yote nini kiko ndani ya maji ya kartie yake. Chujio la mchanga linaloondoa tope linaweza kuacha kobalti ipite.

Nairobi, mhandisi Nzambi Matee alianzisha Gjenge Makers, inayochanganya plastiki na mchanga, inapasha moto na kukandamiza, na kutoa matofali ya kutandika chini. Mwaka 2020 Umoja wa Mataifa ulimtaja kati ya vijana bingwa wa mazingira. Vijana wengi wa kwetu wanataka kuiga, na ni vizuri, lakini wasikilize: siyo kila plastiki inafaa. Kuna plastiki, kama ile ya mabomba inayoitwa PVC, ambayo ukiiyeyusha inatoa moshi wa sumu. Kuyeyusha sachet mu pipa nyuma ya nyumba, bila kuchagua na bila kujikinga, ni kutatua uchafu wa barabara kwa kuharibu mapafu ya jirani.

Na hapa Congo, kila mutu aliyepita Kinshasa anajua maroboti ya kuongoza magari. Ni kazi ya injenia Thérèse Izay Kirongozi, aliyesoma ISTA Kinshasa, pamoja na shirika lake la Women Technology. Ya kwanza yaliwekwa mwaka 2013: aluminiamu, urefu karibu metre mbili na nusu, paneli za jua, kamera. Watu wanabishana juu ya faida yake na bei yake, na hayo ni mabishano ya haki. Lakini yalionyesha kama kitu kilichobuniwa na kutengenezwa na Wakongomani kinaweza kusimama ku barabara, nje ya ateliye.

Penga Penga: mradi usio na haraka

Hapa Lubumbashi tunao mfano wetu, hata kama hauonekani sana. Penga Penga ni kartie iliyo upande ule ambao upepo ulipeleka moshi wa fabriki. Kuna fasi ambapo udongo ulibaki wazi kabisa, majani hayaoti, na wakati wa kiangazi vumbi lenye metali linaingia mu nyumba.

Watafiti na wanafunzi wa fakilte ya agronomia ya UNILU walifanya nini? Kutoa udongo wote ule na kuupeleka mbali haikuwezekana, ni gharama kubwa sana. Waliuliza swali lingine: namna gani udongo ule usiruke na usishuke mu maji? Wakatafuta majani ambayo tayari yamezoea shaba ya Katanga, mfano nyasi ndogo inayoitwa Microchloa kunthii, ambayo inaota ku vilima vya shaba. Walitia chokaa na mbolea ya takataka za kuoza ili kupunguza nguvu ya metali, wakapanda, wakafuata miaka. Walijaribu pia miti, wakiipanda mu mashimo yenye udongo uliotengenezwa.

Kazi hiyo ilipita mu mikono ya vizazi vya wanafunzi: mmoja anapima udongo, mwingine anapima mizizi, mwingine anarudi nyuma ya miaka kuona mti gani ulibaki mzima. Hakuna TFC moja ingeweza kumaliza. Waliweza sababu kulikuwa na fakilte iliyoshika uzi. Na dawa yenyewe ni ya hapa: nyasi ya hapa, takataka ya hapa, chokaa.

Basi, kwa nini mingi inakufa?

Ukilinganisha miradi hii, sababu zinaonekana.

Ya kwanza, sujeti inachaguliwa kufuatana na kile kinachopendeza juri, ao kile kilichopatikana haraka ku intaneti. Mwenye shida haulizwi. Kijana anaweza kubuni pipa la takataka lenye sensa inayotuma ujumbe ku telefone, na kumbe ku avenyu ile hakuna gari linalopita kuchukua takataka.

Ya pili, vifaa. Kitu kimetengenezwa na kipande kilichoagizwa Dubai ao China. Kikiharibika, fundi wa kartie hana cha kubadilisha.

Ya tatu, bei haijulikani. Kitabu kina kurasa nyingi za mahesabu ya joto, lakini hakuna ukurasa mmoja wa kusema: fundi atatumia toli kiasi gani, saa ngapi, atauza ngapi, atabaki na faida gani. Mama wa soko hataangalia grafiki. Atauliza: "Njo bei gani? Na ikipasuka, nani atanitengenezea?" Maswali hayo mawili yanashinda maswali mengi ya juri.

Ya nne, hakuna anayeendelea. Mwaka unaofuata mwanafunzi mwingine anachagua mbabula tena, anaanza ku sifuri, anafika fasi ile ile, anapata pointi zile zile. Kitabu cha mwenzake kilikuwa ku biblioteke, hakuna aliyemwambia.

Ya tano, pesa. Familia nyingi zimemaliza nguvu kwa minerval na gharama za defanse. Kutengeneza mbabula 20 na kuzipeleka mu nyumba 20 kwa miezi 3 hakuna aliyekupangia bajeti. Tusiwatwike vijana peke yao mzigo huu. Lakini siyo kila kitu kinataka pesa nyingi: mizani, daftari na jirani watano wanaokubali kujaribu vinaweza kupatikana.

Maswali ya kujiuliza mbele ya kuchora

Kwa mwanafunzi anayesoma hapa, chukua maswali haya ku karatasi:

1. Nani ana shida hii, na nimekaa naye mara ngapi? Mara moja haitoshi. Enda asubuhi, enda jioni, enda mwisho wa mwezi wakati feza imeisha.

2. Leo anafanya namna gani? Ile njia yake ina akili yake. Mbabula ya toli imebaki miaka mingi sababu ni nafuu na inabebeka. Kitu chako kisipoteze hizo faida mbili.

3. Fundi gani atakitengeneza? Mwite mbele ya kumaliza mchoro. Atakuambia kona gani haiwezi kukunjwa na nyundo yake.

4. Nitapimaje, na nitalinganisha na nini? Andika pia yale yaliyoshindikana. Mwenzako wa mwaka ujao atayahitaji kuliko yale yaliyofaulu.

5. Nani ataendelea nikitoka? Tafuta mwanafunzi wa mwaka wa chini akufuate ku majaribio, aone kwa macho yake.

Kwa walimu na wakubwa wa vyuo, kuna jambo moja ambalo halina gharama kubwa: kuweka ku meza ya juri mutu mmoja anayetumia kitu, na fundi mmoja anayeweza kukitengeneza. Hawatatoa pointi za teori, lakini watauliza yale ambayo sisi wote tunataka kujua. Na chuo kikiweka ku ukuta orodha ya miradi ya miaka iliyopita, na kuandika kila mmoja ulisimama wapi, mwanafunzi mpya atajua fasi ya kuanzia.

Na kwetu wakaaji wa kartie? Kijana akija kugonga ku mlango na daftari, anataka kupima makala yako ao kuuliza juu ya maji yako, usimfukuze. Mwambie ukweli, hata ule usiompendeza. Kama mbabula yake inazima upesi, mwambie. Kama ni nzito, mwambie. Akina mama wa Nairobi wangenyamaza kwa adabu, jiko lile lingebaki linapasuka mpaka leo.

Mwezi wa juri utafika tena, na picha zitapigwa tena. Kisha makofi, tumuulize yule kijana: kitu chako kitalala wapi usiku wa leo, ku ateliye ao ku kiwanja cha mutu?